Tumeacha sigara siku moja: mwenzangu anapeta, mimi arosto inanimaliza. Kwa nini?

Mshumaa

Wakuu, habari za usiku. Naandika saa 9 usiku kwa sababu usingizi umenigomea, na leo ni siku ya 5.

Kisa chenyewe ni hiki. Mimi na rafiki yangu wa tangu utotoni tumevuta sigara pamoja miaka 12. Pakiti moja kwa siku kila mtu, aina ileile, hata kiberiti tulikuwa tunaazimana. Tukakubaliana tuache siku moja. Jumapili jioni tukazivunjavunja zilizobaki, tukazimwagia maji.

Jumatatu nimeamka kichwa kizito. Kufika mchana nimemfokea mtoto kwa kuangusha kijiko. Kijiko tu, wakuu. Tangu hapo arosto, yaani mateso ya mwili kukosa ulichozoea, imenikaba: mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usiku nahesabu mbao za dari. Nikimpigia mwenzangu, anacheka. Anasema hamu inamjia kidogo akimaliza kula, kisha inapita. Juzi akaniambia, "Wewe ulikuwa mraibu, mimi nilikuwa navuta tu." Neno hilo limenichoma kuliko arosto yenyewe.

Naomba mnisaidie. Kitu kilekile, miaka ileile, idadi ileile. Inakuwaje mmoja augue na mwingine apete? Au ni kweli mimi sina nia?

Jiwe Kavu

Nia, mkuu. Hakuna kingine. Mimi nimevuta bangi miaka 7, siku moja nikaamka nikasema basi. Sikuugua hata mafua. Wanaougua ni wale wanaokaa wanaisubiri arosto mlangoni.

Nesi wa Zamu

Jiwe, hongera kwa kuacha, lakini hapo umepata bahati ukaipa jina la nia.

Kemikali ya bangi inayolevya hujificha kwenye mafuta ya mwili, na kwa mtu aliyevuta kila siku huchuruzika kutoka humo taratibu, siku hadi wiki kadhaa. Wewe ulijiona umekata ghafla, kumbe mwili wako ulikuwa unapunguziwa dozi kidogo kidogo. Heroini haina huruma hiyo. Hutoka upesi, kwa hiyo maumivu huanza kati ya saa 8 na 24 tangu dozi ya mwisho, hupanda kileleni siku ya pili au ya tatu, na mengi huisha ndani ya siku 10. Methadoni ni ya ukoo huohuo, lakini kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu, anayeiacha anaweza kumaliza siku moja au mbili hajasikia kitu, kisha akaugua kwa upole zaidi lakini kwa wiki mbili au zaidi. Ukiwaweka hao wawili chumba kimoja, siku ya pili utamwona mmoja anagaagaa na mwingine anasoma gazeti. Ukihukumu siku hiyo, umekosea. Vidonge vya kutuliza wasiwasi ni hivyohivyo: alprazolamu humkumba mtu mapema, diazepamu huchelewa.

Na hata hiyo bangi si wote wanaopita kama ulivyopita wewe. Wapo wanaokosa usingizi, wanakosa hamu ya kula, wanakuwa na hasira za karibu, na wakisinzia wanaota ndoto kali wiki ya kwanza na ya pili. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, uliiorodhesha rasmi arosto ya bangi mwaka 2013.

Mshumaa, pole. Kwako wewe pakiti mlilingana, nikotini hamkulingana. Nusu ya nikotini hutoka kwenye damu kwa takriban saa 2, ila mwendo huo hutofautiana ini kwa ini. Kimeng'enya kinachofanya kazi kubwa hapo kinaitwa CYP2A6, na jeni zake zinatofautiana sana kati ya watu. Mwenye ini la haraka anaishiwa mapema, anavuta kwa kina zaidi, na kwa kawaida akiacha anapata tabu zaidi. Wanawake kwa wastani wana kasi kuliko wanaume, na ujauzito huongeza kasi hiyo.

Nina maswali mawili. Sigara ya kwanza ya siku kila mmoja wenu alikuwa anaivuta saa ngapi? Na je, unakunywa kahawa?

Mshumaa

Ya kwanza nilikuwa naivuta miguu haijagusa sakafu. Yeye… sasa ndiyo nakumbuka. Yeye hakuwahi kuvuta kabla ya kufika kazini. Miaka 12 nimekaa naye na jambo hilo sijawahi kuliona.

Kahawa nakunywa. Zamani vikombe 3, tangu niache vimefika 6 kwa sababu inanisahaulisha sigara. Yeye haigusi, inampa kiungulia.

Nesi wa Zamu

Basi tumepata nusu ya jibu, labda zaidi.

Anayevuta sekunde chache baada ya kuamka mwili wake umeshinda usiku mzima ukidai. Swali hilo la sigara ya kwanza hutueleza ukubwa wa utegemezi vizuri kuliko miaka aliyovuta mtu. Kwa hiyo hapo wewe na mwenzako hamkuwa sawa tangu zamani.

Sasa kahawa. Moshi wa sigara (moshi wenyewe, si nikotini) huchochea kimeng'enya kingine cha ini, CYP1A2, na hicho ndicho kinachovunja kafeini. Mvutaji huimaliza kafeini haraka mno, ndiyo maana wavutaji wengi ni wanywaji wazuri wa kahawa. Ukiacha kuvuta, ndani ya siku chache ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida. Kwa vikombe vilevile vya zamani, kafeini kwenye damu inaweza kupanda hadi kama mara mbili. Wewe vikombe navyo umeviongeza maradufu. Jipigie hesabu.

Kilichonishtua kwenye maelezo yako ni moyo. Mtu akiacha nikotini, mapigo ya moyo kwa kawaida hupungua. Wewe unasema yanakwenda mbio. Hasira, kichwa kizito, kushindwa kutulia, hiyo ni sigara. Mikono na moyo, mimi natuhumu kikombe.

Usiikate kahawa yote kwa siku moja, nayo ina arosto yake: kichwa kinauma kuanzia saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, na inaweza kuendelea hadi siku 9. Punguza, na usinywe baada ya mchana. Moyo ukiendelea kukimbia baada ya hapo, nenda kapimwe, usinisubiri mimi hapa.

Na kwa wasomaji wengine: kama kuna anayetumia klozapini au olanzapini (dawa za magonjwa ya akili) na anataka kuacha sigara, amwambie daktari wake kwanza. Dawa hizo hupita njia hiyohiyo ya ini, na kiwango chake hupanda.

Mshumaa

Nimecheka peke yangu gizani. Yaani nimeshinda siku 5 nikijilaumu, kumbe kikombe kipo hapa mezani kinaniangalia.

Mzee wa Mkeka

Mimi nimeacha kubeti, mwezi wa tatu sasa. Nilikuwa nasoma nyuzi kama hizi nikijua hazinihusu, maana mkeka hauna kemikali, hauingii kwenye damu. Wiki ya kwanza mke wangu aliniuliza kama nina homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa silali, nikijibiwa vibaya nawaka, na kidole gumba kilikuwa kinafungua simu chenyewe kabla sijajua nimeishika. Simu imezimwa, kidole kinapapasa kioo cheusi.

Kaka yangu naye aliacha mwaka huohuo, hakusikia chochote. Tofauti niliyoiona mimi: yeye alikuwa anabeti akiwa na furaha na wenzake. Mimi nilikuwa nabeti nikiwa na madeni, na usiku. Nilipoacha, madeni na usiku vilibaki palepale, na sikuwa na pa kuvikimbilia.

Nesi wa Zamu

Mzee, hiyo uliyoisema ni kubwa. Mtu anayetumia kitu kuziba jambo, akiacha hupata vitu viwili kwa pamoja, arosto na lile jambo. Mwenye wasiwasi wa siku nyingi, mwenye huzuni, mwenye maumivu ya mgongo aliyokuwa anayazima kwa vidonge, hao tunawaona wanateseka zaidi, na kazi inakuwa kujua kipi ni arosto na kipi kilikuwepo kabla.

Aliyerudi

Naongezea la kwangu. Heroini, miaka 9. Nimeacha mara nne, na hakuna mara mbili zilizofanana.

Mara ya kwanza nilifungiwa chumbani kwetu. Mtu ambaye hajaiona asiichukulie mzaha. Miayo isiyokatika hadi taya zinauma, machozi na makamasi kama mwenye mafua, vinyweleo vimesimama kama kuku aliyenyonyolewa, tumbo linaendesha, na miguu inarusha mateke yenyewe usiku kucha. Nilikuwa nalala kwenye godoro lilelile nililokuwa natumia juu yake. Mara ya tatu nilikuwa mbali na kwetu, kitandani pa watu wengine, kuta nyingine, na dozi niliyotoka nayo ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Niliugua, ndiyo, lakini nusu yake.

Mpaka leo kuna kona nikipita pua inachuruzika na napiga miayo. Miaka 4 niko safi. Nilidhani nimerogwa, mpaka mshauri wa kituoni akanisimulia kuhusu daktari mmoja wa Marekani, Abraham Wikler, aliyekuwa na wagonjwa kwenye hospitali ya Lexington, Kentucky, miaka ya 1940. Watu walioacha miezi mingi, wakikaa kwenye kikundi na kuanza kuzungumzia dawa, walianza kupiga miayo na kufuta machozi. Mwili unaifunga arosto kwenye mahali, watu, hata harufu.

Ndiyo maana wale askari wa Marekani wa Vietnam waliwashangaza watu. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliorudi nyumbani mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alisema alikuwa mraibu kule, lakini kati ya hao waraibu ni kama asilimia 5 tu waliorudi kwenye uraibu ndani ya mwaka wa kwanza. Walikuwa wameacha kila kitu nyuma: msitu, hofu, na wauzaji. Mimi muuzaji wangu alikuwa anapita dirishani kwetu anapiga mluzi.

Jiwe Kavu

Si ndiyo hayohayo ninayosema? Kona haina kemikali. Ni kichwa.

Nesi wa Zamu

Kichwa ni sehemu ya mwili, Jiwe. Sikatai kwamba mtu akiingia na hofu ataugua zaidi, hilo tunaliona. Lakini njoo wodi ya watoto wachanga. Mama aliyetumia dawa za jamii ya heroini wakati wa ujauzito akijifungua, mtoto anakatiwa dozi siku anayokatwa kitovu. Siku moja mbili tatu hivi mtoto anaanza kutetemeka, analia kilio chembamba kisichobembelezeka, ananyonya vibaya, anaharisha. Huyo hajawahi kusikia neno arosto. Na hata hao watoto hawalingani. Mmoja anahitaji dawa, mwingine wa mama mwenye dozi ileile anatulizwa kwa kukumbatiwa kwenye chumba chenye giza na kunyonyeshwa.

Na mtoto huyo si mraibu. Hatafuti kitu, hana tamaa. Mwili wake umezoea tu. Hivyo ni vitu viwili. Mgonjwa aliyepewa mofini wiki kadhaa baada ya upasuaji anaweza kutetemeka ikikatwa ghafla na asiitamani tena maisha yake yote. Na mwingine anaacha kokeini bila kutapika wala kutetemeka, analala siku mbili, anakula kama hana akili nzuri, halafu tamaa inamfuata mwaka mzima.

Dada Tulivu

Samahani naingilia. Nimesoma uzi wote kwa sababu kaka yangu anakunywa pombe kali kila siku, anaanza asubuhi. Tumekubaliana Ijumaa tumfungie ndani aache. Hii itakuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alitoka jasho tu na kukasirika. Mara ya pili alitetemeka sana, na siku ya pili akaanguka akakakamaa kidogo, akazinduka. Jirani yetu alikuwa mlevi kuliko yeye na aliacha mwenyewe nyumbani bila shida yoyote, ndiyo maana tunaona naye ataweza. Mnashauri tumwandalie nini?

Nesi wa Zamu

Dada, naomba uisome hii kabla ya nyingine zote. MSIMFUNGIE NDANI.

Pombe, na vile vidonge vya kutuliza wasiwasi, si kama sigara. Pombe huukandamiza ubongo, na ubongo wa mnywaji wa kila siku hujibu kwa kupunguza breki zake na kuongeza moto ili aweze kusimama. Ukiiondoa pombe ghafla, moto unabaki bila breki. Jasho na mtetemeko huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege kwa kawaida huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Maweweseko makubwa, ambapo mtu hajui alipo, anaona wadudu ukutani, joto na mapigo ya moyo yamepanda, huja kati ya siku ya pili na ya nne. Hayo yanaua.

Sasa angalia historia uliyoiandika mwenyewe: mara ya kwanza jasho, ya pili kukakamaa. Kwenye pombe, kila kuacha ghafla kunaweza kuufanya ubongo uwe mwepesi zaidi kushtuka safari inayofuata. Ukuni uliokwisha kuungua mara moja haukawii kushika moto. Kwa hiyo kipimo cha mara ya tatu ya kaka yako ni mara yake ya pili. Jirani yenu hana uhusiano wowote na jambo hili. Huenda jirani alikuwa anakunywa nyingi siku chache na kupumzika, huenda alikuwa anakula vizuri, huenda hakuwahi kuacha kabla ya hapo. Hujui, nami sijui.

Mpelekeni hospitali, na mwambieni daktari kuhusu ile siku aliyokakamaa, msione aibu. Mpaka mfike, asiache ghafla. Ameze vitamini B1 kama watampa, wanywaji wa muda mrefu huwa wamepungukiwa nayo na upungufu wake unaharibu ubongo.

Na utaona jinsi tunavyofanya. Hatumpimi kwa chupa alizokunywa peke yake, kwa sababu hizi hizi tofauti mnazozijadili hapa. Tunamwambia anyooshe mikono, atanue vidole. Kuna mtetemeko usioonekana kwa macho, lakini ukigusanisha ncha za vidole vyako na vyake unausikia, kama simu inayonguruma ndani ya mto. Huo una alama yake. Jasho kwenye paji lina alama yake. Tunamwuliza kama anahisi wadudu wanatembea kwenye ngozi, kama mwanga unamuumiza, leo ni tarehe ngapi. Mambo 10, alama hadi 67, na tunarudia baada ya saa chache, usiku na mchana. Dawa inafuata alama. Wawili wanaingia saa moja na chupa sawa, mmoja anamaliza na alama 6, mwingine 25.

Dada Tulivu

Nimekuelewa. Mikono yangu ndiyo inayotetemeka sasa. Nampigia mama.

Aliyerudi

Dada, mungu awe nanyi. Na nyie wa heroini mnaosoma kimyakimya: arosto yetu mara nyingi haiui kama ya pombe, ingawa kutapika na kuharisha bila kunywa maji kunaweza. Kinachotuua ni baada ya hapo. Umekaa safi wiki tatu, mwili umesahau, unarudi na dozi ya zamani. Nimezika wawili namna hiyo.

Jiwe Kavu

Sawa. Kwenye hilo la watoto na la kaka yake dada nimenyamaza. Lakini Nesi, kwa hiyo nia haina kazi kabisa?

Nesi wa Zamu

Ina kazi. Nia ndiyo iliyomtoa Mshumaa kitandani Jumatatu bila sigara na kesho yake tena. Haipunguzi mtetemeko wa vidole, hilo tu.

Dada Tulivu

Wadau, siku ya 4 yuko wodini. Usiku wa pili alikuwa anaongea na marehemu baba na kuokota vitu hewani. Wakamwongezea dawa. Leo ameniuliza leo ni siku gani na kama nimeshakula. Yule nesi wa kwao naye humgusanisha vidole, kama ulivyosema. Asanteni.

Mshumaa

Dada nimefurahi mno.

Mrejesho wangu, siku ya 19. Kahawa nimeshusha hadi vikombe 2, vyote kabla ya mchana. Siku ya tatu ya kupunguza moyo ulitulia, na usiku wa nne nililala hadi saa 11 alfajiri. Nimempa mtoto kile kijiko akiangushe makusudi, tumecheka. Hamu bado ipo, hasa nikiamka, miguu ikigusa sakafu.

Jana usiku mwenzangu kanipigia. Alikuwa kwenye harusi, wamekaa nje na wenzake, mtu akamsogezea pakiti, akavuta mbili. Asubuhi akanunua yake. Ananiuliza kama na mimi nimesharudi, sauti yake ya chini kabisa. Nikamwambia bado, njoo kesho tuanze upya, mimi nitakaa na wewe. Lile neno lake la siku ile sikulitaja.